Siku ya Mtoto wa Makao na Kazi ya Mwalimu

Mwaka jana, katika juma la pili la mazoezi ya kufundisha, niliketi nyuma ya darasa la tatu katika shule moja ya msingi ya Mbagala, nikimsikiliza mwanachuo wetu akifundisha Kiswahili. Andalio lake la somo lilikuwa safi. Zana yake ilikuwa picha kubwa aliyoichora mwenyewe: baba, mama, bibi mwenye mkongojo na watoto watatu, wote wameketi mkekani wakila ugali. Aliuliza maswali, watoto wakajibu mmoja mmoja na kwa pamoja. Kisha akaandika ubaoni kichwa cha habari, "Familia Yangu", akawaagiza waandike sentensi tano. Darasa lilikuwa na watoto zaidi ya 100, lakini kimya kilitanda na kila kalamu ikawa kazini. Nilimpa alama nyingi.

Wakati wa kusahihisha nilipita kando ya dawati la ukutani. Mvulana wa hapo alikuwa amekwisha kuandika, kwa mwandiko mzuri. Familia yake ilikuwa na baba mrefu, mama mwenye kitenge, bibi mwenye mkongojo, na watoto watatu. Nao wote walikuwa wakila ugali mkekani. Mwanachuo wetu alimpa tano juu ya tano. Mwalimu wa darasa aliniinamia akaninong'oneza, "Huyo ni wa kituoni." Mtoto alikuwa ameisoma picha iliyotundikwa ubaoni, akaiandika kama maisha yake.

Nilirudi chuoni nikaitazama upya fomu yangu ya tathmini. Ina nafasi ya utangulizi, ya zana, ya sauti, ya matumizi ya ubao na ya kudhibiti darasa. Sikuona mahali pa kuandika kwamba somo limemlazimisha mtoto mmoja kutunga uongo mzuri ili apate alama. Tangu hapo nimekwenda mara mbili katika makao anakoishi mtoto huyo, kwa idhini ya mlezi mkuu na ya mwalimu mkuu wa shule. Yapo upande wa Temeke, kwenye vitongoji vya mchanga na minazi vinavyozidi kujaa nyumba mwaka hata mwaka, na yanaendeshwa na Wakristo. Sitayataja kwa jina, maana watoto wa humo wamekwisha kutajwa na kupigwa picha vya kutosha. Nitaeleza siku yao ilivyo, kwa kuwa naamini mwalimu asiyeijua siku hiyo humfundisha mtoto asiyemfahamu.

Kengele ya kwanza hulia saa kumi na moja alfajiri. Ni kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mwembe, nacho hugongwa na mmoja wa wavulana wakubwa kwa zamu. Watoto hutandika vitanda, huchota maji kwenye tangi, hunawa, kisha hukusanyika ukumbini kwa sala. Huimbwa pambio moja au mbili, husomwa mistari ya Biblia, na mtoto mmoja huomba kwa niaba ya wote. Baada ya hapo kuna kazi za zamu: wa kufagia uwanja, wa kuosha vyombo vya jana, wa kuwavisha wadogo. Uji hunywewa saa kumi na mbili. Robo saa baadaye huanza safari ya kwenda shule, wakubwa mbele, wadogo katikati, na msichana mmoja wa darasa la sita nyuma kabisa ili asiachwe mtu.

Mchana hurudi wakala, hufua sare, hupumzika. Saa kumi na nusu ni michezo na bustani ya mchicha. Jioni huoga kwa mafungu. Baada ya chakula cha usiku husali tena, kisha husoma kwa saa moja katika meza mbili ndefu, wote pamoja, wa darasa la kwanza kando ya wa kidato cha pili, mpaka kengele ya kulala. Jumamosi ni ya usafi mkuu na mazoezi ya kwaya. Jumapili ni kanisani, na alasiri huja wageni.

Desturi hii ya kengele si ngeni katika pwani yetu. Mwaka 1864 Sultani wa Unguja, Sayyid Majid, alimkabidhi Askofu Tozer wa misheni ya Waanglikana wavulana watano waliookolewa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879. Mwaka 1868 mapadre wa Roho Mtakatifu waliweka kituo chao Bagamoyo na kuwakusanya watoto waliokombolewa utumwani, wakawalea kwa sala, masomo na kazi ya shamba. Hivyo makao ya Kikristo ya watoto yalianza huku kwetu kwa watoto walionyang'anywa kwao, nayo yakajenga utaratibu mkali wa siku kuwa badala ya ukoo. Mashamba yale makubwa hayapo tena katika makao haya ya mjini, lakini kengele ingali ikilia.

Simlaumu mtu kwa kengele hiyo. Mlezi mmoja mwenye watoto kumi na wawili hawezi kumwamsha kila mmoja kwa jina lake la utani. Walakini kengele hufundisha, nayo hufundisha mambo ambayo mwalimu huyakuta darasani bila kujua yalikotoka. Baadhi yake ni mazuri sana. Watoto hawa aghalabu hawachelewi, na wakipewa kazi ya kikundi huanza kugawana kazi kabla mwalimu hajamaliza kueleza. Mengine humletea mtoto adhabu. Katika makao haya penseli hukaa ndani ya kopo moja kubwa, na kila mtoto huchukua iliyo juu. Mtoto aliyelelewa na kopo hilo akiona penseli juu ya dawati la mwenzake huichukua, hutumia, huiacha popote. Darasani kitendo hicho huitwa wizi. Nilimsikia mwalimu akimwita mtoto mwizi mbele ya darasa zima kwa sababu hiyo, naye mtoto alikuwa akitazama huku na huku kama mtu asiyeelewa lugha inayosemwa.

Hisabati ndiyo iliyonifungua macho zaidi, na hapa nawaomba wanachuo wanivumilie nieleze kwa urefu kidogo. Mtoto wa Tandika au wa Manzese hutumwa dukani tangu ana miaka mitano. Huenda gengeni na noti ya shilingi 2,000, hununua nyanya na kitunguu, huhesabu chenji njiani, na akipoteza shilingi 100 huulizwa. Afikapo darasa la tatu, mafumbo ya hesabu za fedha kwake ni jambo la kila siku lililoandikwa vitabuni. Mtoto wa makao hatumwi dukani. Mchele huja kwa magunia, mafuta kwa madumu, sabuni kwa katoni. Msimamizi ndiye mwenye fedha, na mtoto huenda akafika darasa la nne hajawahi kushika noti iliyo mkononi mwake kwa kazi yake. Siku moja nilimwuliza yule mvulana: mtu amekwenda sokoni na shilingi 2,000, akanunua vitu vya shilingi 700, je, atarudi na shilingi ngapi? Akafikiri, akaniuliza kwa adabu, "Kwani pesa inarudi, mwalimu?"

Kabla hatujamwandika kuwa mzito wa hesabu, tusikilize upande wa pili. Jioni ile ile alikuwa zamu ya mezani. Watoto walikuwa 46, mikate 12. Bila karatasi wala vidole alimwambia mwenzake kwamba kila mkate ukatwe mara nne, na vipande viwili vitakavyobaki wapelekewe walio na homa. Huko ni kuzidisha, kugawanya na kupata baki, tena kwa akili ya haraka kuliko wengi wa darasa lake. Mwalimu anayejua siku ya mtoto huyu angeanzia kwenye mikate, kisha akavuka taratibu kwenda kwenye fedha, kwa kufungua duka la darasa lenye noti za karatasi na vizibo vya soda kuwa sarafu, na mtoto huyu akawekwa kuwa mwenye duka badala ya mnunuzi, arudishe chenji kwa mikono yake. Kazi hiyo haina gharama. Inahitaji tu kujua kwamba pengo lipo na lipo mahali gani.

Jambo la kusoma linafanana na hilo. Tangu mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu uanze kutumika mwaka 2015 katika darasa la kwanza na la pili, tumesisitiza sana kwamba mtoto atambue sauti na herufi kabla ya kukimbilia sentensi. Watoto wa makao ya Kikristo hujifunza kila siku kwa kusikia na kurudia: mistari ya Biblia, sala na pambio zenye beti nyingi. Kumbukumbu yao ni ya ajabu. Katika darasa la pili msichana mmoja alinisomea ukurasa mzima kwa sauti nzuri, kidole chake kikitembea. Nilipoangalia vizuri, kidole kilikuwa mstari mmoja nyuma ya sauti. Alikuwa ameusikia ukurasa ule ukisomwa mara mbili. Walimu wenye watoto wanaohudhuria madrasa wameliona jambo hilo hilo, na hali hiyo si ya kuonea aibu, maana kumbukumbu ni mali. Lakini yapasa mwalimu apime kusoma kwenyewe. Mwambie asome sentensi ya mwisho kwanza, kisha ya kati. Andika maneno yale yale kwenye kadi uyachanganye. Ukigundua kwamba hasomi, usimwambie amekudanganya. Itumie kumbukumbu ile kumfundishia majedwali ya kuzidisha na mashairi, wakati ukirudi naye nyuma kwenye silabi.

Kuna ukimya pia ambao kengele huuleta. Mtoto aliyezoea kuambiwa ale, aoge na alale lini hushangaa akiulizwa, "Wewe unaonaje?" Wengine hudhani ni mtego. Katika makao niliona kwamba maneno mengi kutoka kwa mtu mzima kwenda kwa mtoto yalikuwa amri zisizo na ukali: njoo, vaa, nyamaza, asante, rudisha. Kwa wingi wa watoto haingewezekana vinginevyo. Darasa la watoto 100 nalo halina nafasi kubwa ya mazungumzo. Hata hivyo dakika mbili wakati wa mapumziko, bila swali la hesabu wala la maadili, zinawezekana. Nashauri zipatikane.

Sasa niseme juu ya huruma, maana ndiyo inayotuponza wengi. Kila Jumapili alasiri makao hupokea wageni: vikundi vya kanisa, wafanyakazi wa ofisi fulani, familia inayosherehekea siku ya kuzaliwa. Huleta mchele, sukari, sabuni na nguo. Watoto hupangwa, huimba, mmoja hutoa shukrani, picha hupigwa, wageni huondoka. Simdharau aliyeleta mchele. Bila yeye sufuria ingekuwa tupu. Lakini mtoto aliyetoa shukrani mara arobaini kwa mwaka amejifunza kwamba kila mtu mzima mgeni anataka wimbo na tabasamu. Ndiyo maana darasani hukubali kila kitu. Ukiuliza kama ameelewa, hujibu ameelewa. Mwanachuo mwenye moyo mwema humpa mtoto huyu peremende, humsamehe makosa ya daftari, humwita "maskini wangu". Kwa tendo hilo amegeuka mgeni mwingine wa Jumapili. Mtoto huyu anahitaji kusahihishwa kwa haki kama wenzake, na kosa lake lizungushiwe duara kama lao.

Halafu lipo jina. Katika vitongoji vya Dar es Salaam, ambako Waislamu na Wakristo wamechanganyika nyumba kwa nyumba, haishangazi kumkuta Ramadhani au Mwajuma katika makao ya Kikristo. Kinachotokea shuleni siku ya kipindi cha dini nimekiona kwa macho. Mwalimu husema, "Waislamu huku, Wakristo kule." Mtoto huinuka na wenzake wa makao, darasa hucheka jina lake, na mwalimu asiye makini hucheka pia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mtoto haki ya kuwa na jina, uraia, na kuwafahamu wazazi wake na ndugu wa ukoo. Jina hilo huenda ndicho kitu pekee ambacho wazazi wake wamemwachia. Si kazi ya mwalimu wa mazoezi kuamua mtoto akae upande gani. Ni ya walezi, jamaa zake na ofisa ustawi wa jamii. Kazi yetu ni kumwuliza mwalimu mkuu mapema, faraghani, na kuhakikisha kwamba hakuna mtoto anayeamuliwa dini yake mbele ya wenzake mia.

Ndugu zangu wakufunzi wengine hunijibu kwamba haya yote ni ya ofisi ya ustawi wa jamii, na kwamba mwalimu ana vipindi vya kutosha. Wengine huenda mbali zaidi, husema makao yafungwe, watoto warudishwe kwa jamaa zao. Nawaelewa. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilalamikia elimu inayomtenga mtoto na jamii yake, na makao hutenga kuliko bweni lolote, kwa sababu hayana likizo ya kwenda nyumbani. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala nayo yasema umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwao. Katika makao niliyotembelea wamo watoto ambao mama zao wako hai, wanauza vitumbua au kufua nguo za watu, na waliwaleta huko kwa kukosa chakula na daftari. Hilo ni jambo la kuwaumiza Watanzania wote. Lakini Jumatatu saa mbili asubuhi mtoto yuko mbele yako, dawati la ukutani. Kufungwa au kutofungwa kwa makao hakutamsomea leo ukurasa wa kumi na nne.

Yapo pia madogo ya kila siku ambayo yangeweza kurekebishwa bila mkutano wowote. "Kesho uje na mzazi wako" ni sentensi tunayoitamka kama salamu. Kwa mtoto wa makao ni hukumu, kwa kuwa mlezi mmoja hawezi kuwa mzazi wa watoto kumi katika shule moja kwa siku moja. Sema "mtu mzima anayekutunza", na umwandikie barua. Tangu Januari 2016 michango ya lazima imeondolewa katika shule za msingi za serikali. Hata hivyo michango ya hiari ingali ikiitishwa mstarini, na majina ya wasiotoa husomwa. Makao hulipa kwa pamoja msimamizi akipata, naye hapati kila juma. Majina hayo yasisomwe.

Kuhusu lile somo la "Familia Yangu", sisemi liondolewe. Watoto wa makao wana mengi ya kuandika kuhusu watu wanaoishi nao, wakiruhusiwa. Mwanachuo wetu alikubali kulirudia juma la nne kwa kichwa kingine, "Watu Ninaokula Nao", bila picha ubaoni. Yule mvulana aliandika sentensi mbili tu, moja juu ya mtoto anayelala kitanda cha chini yake ambaye hukojoa, nyingine juu ya mpishi anayeimba. Mwandiko ulikuwa mbaya kuliko mara ya kwanza, na herufi kubwa zilikosekana. Alipata mbili juu ya tano. Nililiona daftari lile kuwa bora kuliko la kwanza, ingawa nakiri kwamba mkuu wa idara yangu hakukubaliana nami, na hoja yake juu ya herufi kubwa ni ya haki.

Limebaki moja, linalowahusu wanachuo wenyewe. Mazoezi huchukua majuma machache. Mnafika, mnapendwa, mnaondoka. Katika siku ya mwisho machozi huwatoka, na ahadi hutoka pamoja na machozi: "Nitakuja kukutembelea." Watoto wenye baba na mama huisahau ahadi hiyo kabla ya Ijumaa. Msiitoe katika dawati la ukutani msipokuwa mmekwisha kupanga siku na kuomba idhini kwa mlezi. Semeni kwa uwazi kwamba mazoezi yamekwisha na kwamba mnarudi chuoni.

Nilipokwenda makao mara ya pili, miezi miwili baada ya mazoezi kumalizika, yule mvulana alinisindikiza hadi kwenye lango. Aliniuliza kama yule mwalimu aliyesema atakuja Jumamosi amepata nauli.